Kulia, Kushoto, Mbele, Nyuma: Kumfundisha Mtoto Mdogo Pande za Mwili kwa Michezo

Mtoto wa miaka minne alisimama mbele yangu, nikamwambia, "Nionyeshe mkono wako wa kulia." Akanitazama kidogo, akainua mikono yote miwili, akajifikicha macho na kuanza kulia kwa kuigiza: "Hii! Hii! Hii!" Hakuwa akifanya mzaha. Alisikia "mkono wa kulia" akaelewa mkono wa kulilia, na kweli, mtoto akilia hujifuta machozi kwa mikono yote.

Neno letu hili limebebeshwa mengi. Kulia ni kutoa machozi, kulia ni kulia chakula (ndiko jina la mkono huo lilikotoka), na hapohapo tunataka liwe jina la upande. Tena kulia na kushoto yote yanaanza na ku-, yote yana silabi tatu, kwa hiyo mtoto aliye mbali kidogo na wewe anasikia "ku..." tu na tayari ameshakisia. Ndiyo maana siku hizi sianzi na neno. Naanza na mwili, na neno linakuja mwili ukishakuwa tayari kulipokea.

Kinachomchanganya

Mtoto amezoea kwamba majina hayahami. Mlango ni mlango, uutazame au uupe mgongo. Sasa unamwambia mlango uko kulia kwake. Anageuka, unamwambia uko kushoto. Kwake yeye mmoja wenu amekosea.

Mbele na nyuma nazo huhama, ila huko mwili unamsaidia. Mbele kuna macho, pua, tumbo na vidole vya miguu, na ndiko anakoelekea. Nyuma kuna mgongo na yote asiyoyaona. Kulia na kushoto hakuna msaada wa namna hiyo: mikono miwili inafanana, miguu inafanana, masikio yanafanana. Tofauti yake inabidi aihisi kwa ndani, katika misuli na viungo, kabla hajaipa jina. Kumwonyesha picha ya mikono miwili ukutani hakumfikishi huko. Kuruka, kutambaa, kubeba na kugeuka kunamfikisha.

Ukishika jambo moja katika mwongozo huu, shika hili: upande wa kulia si mahali. Ni sehemu ya mwili inayotembea na mtoto kokote aendako.

Kuhusu umri, wengi hushika mbele na nyuma kwenye miaka mitatu hadi minne. Kulia na kushoto kwa mwili wao wenyewe huja baadaye, kati ya mitano na saba hivi. Kutambua kulia kwa mtu anayewakabili huchelewa zaidi, mara nyingi hadi karibu na miaka minane. Mwanasaikolojia wa Uswisi, Jean Piaget, alilieleza hili miaka ya 1920. Alikaa akitazamana na watoto na kuwauliza upi ni mkono wake wa kulia. Wadogo, hata wale waliojua vizuri mikono yao wenyewe, walionyesha ule uliokuwa upande wa kulia kwao. Kwa hiyo mtoto wa miaka minne akichanganya, hana tatizo lolote. Anapita njia iliyopitwa na wote.

Kabla ya kuanza

Unahitaji nafasi isiyo na vitu vya kujikwaa, chaki au kamba ya kuchorea mistari, vifuko vidogo vya mchanga vya kujaa kiganja, na utepe laini mmoja kwa kila mtoto. Mfunge kila mtoto utepe kwenye kifundo cha mkono wa kulia, usikaze: kidole chako kipite chini yake bila shida. Wote mkono wa kulia, wote rangi moja. Kuna wanaofunga rangi mbili, moja kila mkono. Sikushauri kufanya hivyo mwanzoni, maana mtoto anakuwa na rangi mbili na majina mawili ya kuoanisha, na anaweza kumaliza mwezi mzima akijua rangi tu.

Karibu mtu mmoja katika kila kumi hutumia zaidi mkono wa kushoto. Katika kundi lako huenda yupo, pengine wako wawili. Kwa sababu hiyo usiwaambie kamwe "kulia ni mkono unaoandikia." Utamfundisha huyo mtoto uongo kuhusu mwili wake, halafu utamlaumu kwa kuuamini. Utepe wake nao ukae kulia kama wa wenzake, na aandike, achore na arushe mpira kwa mkono anaoutaka mwenyewe.

Sasa jambo linalokosewa na wengi kuliko yote. Mwalimu anasimama akiwatazama watoto, anainua mkono wake wa kulia na kusema "Kulia!" Watoto wanaiga wanachokiona, wanainua mkono ulio upande uleule wa chumba, yaani wa kushoto. Ameshafundisha kinyume. Wape mgongo. Simama mbele yao ukielekea wanakoelekea, uinue mkono nao wauone ukipanda upande wa mkono wao. Kama uko peke yako na watoto ishirini na huwezi kuwaacha bila kuwatazama, fanya kama kioo: wakabili, sema "kulia" huku ukiinua mkono wako wa kushoto, na siku hiyo utepe wako mwenyewe uhamie kushoto. Jizoeze kwanza ukiwa peke yako. Ulimi na mkono hugombana sana.

Dakika kumi kwa siku zinatosha. Wakianza kulegea, acha hata kama umefika katikati ya mchezo.

Hatua ya 1: Mbele na nyuma

Chora mstari mrefu, watoto wasimame juu yake wote wakielekea upande mmoja. "Hatua moja mbele!" Wanavuka. "Hatua moja nyuma!" Wanarudi. Wakishazoea, badilisha mwendo: waruke kichurachura mbele, warudi kinyumenyume polepole. Kinyumenyume isizidi hatua nne au tano, na wasifuatane kwa karibu, maana wakianguka huangukia kisogo.

Wape vifuko vya mchanga. "Kifuko mbele yako." "Kifuko nyuma yako." Wakilazimika kukipitisha mgongoni bila kukiona, mikono inajifunza mahali ambapo macho hayafiki.

Kisha fanya hivi. Wakiwa wametulia juu ya mstari, waambie wageuke waelekee ukuta wa pili, halafu sema, "Rukeni mbele!" Watazame vizuri. Baadhi wataruka walikoelekea. Wengine wataruka kinyumenyume, kwenda kulekule ambako dakika moja iliyopita kulikuwa mbele. Hawa bado wanafikiri mbele ni upande wa chumba. Usiwaambie wamekosea. Waambie waweke kiganja tumboni, wakisukume mbele, na wakifuate. Mbele ni tumbo linakotazama. Rudieni kwa kuta zote nne, siku kadhaa, mpaka hakuna anayesita.

Malizeni hatua hii kwa treni ya watoto watatu. Wa kwanza na wa mwisho ni rahisi. Muulize wa katikati: "Wewe uko mbele au nyuma?" Ndipo utakapoona paji la uso likikunjamana. Yuko nyuma ya mmoja na mbele ya mwingine kwa wakati mmoja, na mtoto wa miaka mitano akiligundua hilo mwenyewe husema kwa sauti kubwa, kama ameokota kitu. Kisha "Nyuma, geuka!" Aliyekuwa mkia amekuwa kichwa.

Hatua ya 2: Vitu vyenye uso

Mbele na nyuma ya kiti, ya mwanasesere, ya gari la kuchezea. "Simama nyuma ya kiti. Mweke mwanasesere mbele ya gari." Chagua vitu vyenye uso au vyenye mwelekeo unaojulikana. Mti na mpira viache kwa sasa: mbele ya mti ni wapi? Hata watu wazima hawakubaliani, na mtoto asibebeshwe ugomvi wa wakubwa.

Hatua ya 3: Kulia peke yake

Hapa ndipo nawaomba mwe na subira kuliko mahali pengine. Usifundishe kulia na kushoto siku moja. Ukivileta pamoja, mtoto anabaki na maneno mawili yanayofanana kwa mikono miwili inayofanana. Fundisha kulia tu kwa wiki mbili nzima. Upande mwingine uite "ule mwingine," basi.

Mkono wenye utepe uamke. Utikise, upige paja, uguse sakafu, uguse sikio la upande wake, bega la upande wake, goti la upande wake. Mtoto apitishe kiganja kuanzia sikio mpaka kifundo cha mguu, ajue kwamba kulia si mkono tu, ni upande mzima wa mwili. Sema neno kwa kulivuta: "Ku-liiii-a." Baadaye kushoto utalikata kwa mkato, na sauti peke yake itamsaidia kutofautisha kabla hata hajamaliza kulisikia.

Uzito husaidia kuliko maelezo. Mpe kifuko cha mchanga mkono wa kulia, atembee kutoka mstari mmoja hadi mwingine. Bega linavutwa chini kidogo, mwili unaegemea upande wa pili ili usianguke. Ukimuuliza, "Upande gani mzito?" anajua bila kufikiri. Huo ndio ujuzi tunaoutaka. Rudini bila kifuko, aigize kama bado anakibeba.

Walale chali sakafuni. "Bingirika kulia mpaka ulalie sikio lako la kulia." Sakafu ikigusa upande mzima wa mwili, mtoto anausikia wote kwa mpigo mmoja. Watoto wangu wanaomba mchezo huu urudiwe kuliko yote.

Hatua ya 4: Kushoto aingie

Wiki ya tatu, ule mwingine unapata jina. "Ku-SHO-to!" na mguu wa kushoto ukanyage chini kwa kishindo. Changanyeni taratibu: kulia mara tatu, kushoto mara moja, kisha sawa kwa sawa, kisha bila mpangilio.

Mwendo wa kaa unafaa sana hapa. Magoti yakunjwe kidogo, wasogee kiubavuubavu: hatua mbili kulia, hatua tatu kushoto. Ila usiamrishe "Kaa kulia!" maana nusu yao watakaa chini. Sema "Nendeni kama kaa, kulia!"

Halafu mchezo wa nahodha. Nahodha akisema "Nahodha amesema, mguu wa kushoto juu," wote wanainua. Akisema "Mguu wa kushoto juu" bila kujitaja, anayeinua amenaswa. Desturi ya mchezo huu ni kumtoa aliyenaswa. Mimi simtoi mtu. Anayekosea kulia na kushoto ndiye hasa anayehitaji kuendelea kucheza, na ukimtoa mapema atakaa pembeni akitazama wale wanaojua tayari. Akinaswa, aje asimame ubavuni mwa nahodha na atoe amri inayofuata. Anayeamrisha hulazimika kuwaza upande kabla ya kusema.

Amri za kuvuka katikati ya mwili ziache mwisho: "Gusa goti la kushoto kwa mkono wa kulia." Ni pande mbili ndani ya sentensi moja. Mtoto wa miaka mitano akiipata, mshangilie kwa moyo wote.

Hatua ya 5: Kugeuka

Katika chumba, kubalianeni majina ya pande nne: mlango, dirisha, ubao, ukuta mtupu. Watoto waelekee ubao. "Nyoosheni mkono wa kulia. Unaonyesha nini?" Tuseme dirisha. Waushushe, wageuke robo mzunguko kulia kwa kuruka, hop! Sasa wanatazama dirisha. "Nyoosheni tena mkono wa kulia. Unaonyesha nini?" Ukuta mtupu. Dirisha limehamia mbele, na halijatoka mahali pake.

Msichana mmoja alisimama hapo, mkono umenyooka, akatazama dirisha, akatazama mkono, akageuka tena polepole sana akiufuata mkono wake kwa macho. Akasema, "Mwalimu, kulia kwangu kunanifuata." Sikuongeza neno. Nilimwomba awaeleze wenzake, na wenzake walimwelewa haraka kuliko ambavyo wangenielewa mimi.

Usiwazungushe kama pia kisha ukawauliza pande. Ndani ya kila sikio kuna mifereji mitatu yenye majimaji yanayoiambia akili jinsi kichwa kinavyozunguka. Mtoto akisimama ghafla, majimaji hayo yanaendelea kwenda, naye anaona chumba kinazunguka. Robo moja, tulia. Robo nyingine, tulia.

Hatua ya 6: Gari na dereva

Wawili wawili, mmoja mbele, mmoja nyuma, wote wakielekea upande mmoja. Wa mbele ni gari, wa nyuma dereva. Kwanza bila maneno: dereva akigusa bega la kulia, gari linakata kulia, akigusa la kushoto, linakata kushoto, akigusa katikati ya mgongo, linasonga mbele, akishika mabega yote mawili, linasimama. Gari linakwenda macho wazi, na kwa mwendo wa kutembea tu. Wakizoea, dereva aseme huku akigusa. Mwishowe aseme tu.

Naupenda mchezo huu kwa sababu kulia kwa dereva na kulia kwa gari ni kumoja, kwa hiyo mtoto anaweza kumwelekeza mwenzake bila kupindua kitu kichwani. Ficha kitu kidogo chini ya kopo mojawapo kati ya makopo yaliyotawanywa, dereva pekee ndiye ajue lilipo. "Mbele hatua nne. Kulia. Mbele mbili. Simama." Kisha wabadilishane.

Hatua ya 7: Uso kwa uso

Hii ni ya wale waliofika miaka saba, minane. Wadogo wakitaka kujaribu waache wajaribu, lakini usiwapime.

Waanze kwa kupeana mikono ya kulia. Viganja vimekutana, ila mikono imekwenda mshazari. Wasimame hivyohivyo watazame. Kisha mmoja aachie, azunguke na kusimama bega kwa bega na mwenzake: sasa tepe zote ziko upande mmoja. Arudi kukabili: ziko pande tofauti. Huko kwenda na kurudi kwa miguu ndiko kutakakomwezesha baadaye kuzunguka kwa mawazo tu.

Hapa rangi mbili zina kazi. Meli na ndege hubeba taa nyekundu ubavu wa kushoto na ya kijani ubavu wa kulia, ili anayezitazama gizani ajue zimeelekea wapi. Wafunge watoto vitambaa hivyohivyo mabegani, chekundu kushoto, kijani kulia, wawe vyombo vinavyokutana. Mtoto anayeona chombo kinamjia anaona kijani upande wake wa kushoto. Muulize, "Kulia kwake ni wapi?" Mpe muda wa kutosha.

Kujua kama ameelewa

Katika kundi, watoto huchungulia. Utamwona anayesikia amri, anatupa jicho kwa jirani, kisha anainua mkono ukiwa umechelewa kidogo tu. Usimwaibishe. Siku nyingine wapange kwenye duara, migongo ndani, kila mmoja akitazama kwake, na hapo hakuna wa kumwiga. Au wafumbe macho. Wanaosita warudi hatua ya 3 na vifuko vya mchanga kwa siku chache.

Nyumbani mavazi yanafundisha kila asubuhi: lebo ya shati inakaa nyuma, shingoni, mkono wa kulia unaingia kwanza, soksi ya kulia, kiatu cha kulia. Mzazi asimame nyuma ya mtoto anapomsaidia, asimkabili.

Kuandika herufi kama b na d kwa kuzigeuza ni kawaida hadi miaka saba hivi. Mtoto aliyepita minane akiwa bado hajui pande za mwili wake mwenyewe, na juu ya hilo anataabika kusoma au anajigonga na kuanguka sana, mpeleke kwa mtaalamu amtazame.

Kuvua utepe

Usiuvue siku moja kwa wote. Anza na nusu ya mchezo bila utepe, kisha mchezo mzima, kisha siku nzima. Mtoto akiuomba, mrudishie bila maswali. Utaona jambo moja wiki hizo: mtoto hana utepe tena, unamwambia "Kulia!" naye, kabla ya kuruka, anagusa kwa vidole vya mkono wa pili pale kifundoni ulipokuwa umefungwa. Kisha anaruka kulia.